Mbwa na Maji: Maswali Yenu Kuhusu Mahali pa Kuogelea

Joto likipanda, barua za wenye mbwa huongezeka, na nyingi zinauliza jambo lile lile: naishi mjini, mbwa wangu anapenda maji, nimpeleke wapi? Safari hii tumekusanya maswali yanayojirudia zaidi. Kabla ya majibu, liko jambo moja mtakaloliona likirudi kila mara: mahali pa kumwogeleshea mbwa, cha kwanza kuangalia ni pa kutokea. Kuingia majini si kazi kwake, hata kwa kuruka ataingia. Kutoka ndiko kunakomshinda. Mbwa hodari wa kuogelea anaweza kuzama hatua mbili tu kutoka ukingoni, akikwaruza ukuta usiompa pa kushika.

Ninaishi ghorofani katikati ya jiji na simjui mtu yeyote anayeogelesha mbwa. Nianzie wapi kutafuta?

Anzia nyumbani, kwenye picha za setilaiti. Chora duara lenye umbali wa mwendo wa saa moja kutoka kwako. Mahali pa mbali kuliko hapo utakwenda mara mbili kwa mwaka halafu utapasahau, na mbwa hunufaika na kuogelea kwa kurudiarudia. Ndani ya duara hilo weka alama kila penye maji: ziwa, bwawa, mto, ufukwe, mashimo ya zamani ya kokoto yaliyojaa maji.

Sasa kuza picha mpaka uone ukingo. Ramani ya kawaida itakuonyesha rangi ya buluu tu, nayo haisemi lolote kuhusu ukingo. Ukiona utepe wa rangi ya mchanga au kijivu kati ya majani na maji, kuna uwezekano mkubwa kwamba ardhi inashuka polepole. Kijani kikigusa maji moja kwa moja, tarajia matete au ukingo uliosimama wima. Mstari ulionyooka kama rula ni ukuta au zege, na mifereji mingi ya mijini iko hivyo, iache. Kwenye mto, tazama kona. Upande wa ndani wa kona mto hutua mchanga na kokoto, maji huwa ya kina kifupi na hupita taratibu. Upande wa nje mto hula ukingo na kuchimba kina. Mbwa wako ni wa upande wa ndani.

Kilicho bora kuliko vyote ni mteremko wa kushushia mashua. Umejengwa ili gari lirudi nyuma mpaka majini, kwa hiyo haukatiki ghafla. Unaendelea chini ya maji mita kadhaa. Kasoro zake ni mbili: utelezi wa mwani juu ya zege, na mashua zenyewe. Nenda alfajiri siku za kazi, na usirushe kitu majini mashua inapoingia au kutoka.

Usiamini picha moja. Programu ya Google Earth huhifadhi picha za miaka ya nyuma. Linganisha mwezi wa maji mengi na mwezi wa maji machache. Bwawa linalopungua kwa nusu huacha mkanda wa tope kuzunguka maji. Juu lina ukoko uliokauka na kupasuka, chini ni uji mtupu, na mbwa akizama humo mpaka tumboni hajinasui mwenyewe. Ziko pia picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo ni za bure na hupigwa kila baada ya siku 5 hivi. Kwa ukingo hazifai sana, kwa kuwa nukta moja ya picha ni mita 10 za ardhi, lakini maji yakigeuka kijani utayaona. Ziwa lililogeuka kijani misimu mitatu ya joto mfululizo, tarajia litageuka tena.

Ukibaki na sehemu nne au tano, tafuta ni za nani. Bwawa linalotoa maji ya kunywa ya jiji mara nyingi limepigwa marufuku kwa watu na wanyama, na marufuku hiyo iheshimiwe. Kwa shamba la mtu, omba ruhusa kwa maneno yaliyo wazi: mbwa mmoja, siku na saa fulani, atakuwa kwenye kamba mpaka ukingoni, kinyesi chake utaondoka nacho. Anayeombwa hivyo hukubali kwa urahisi kuliko anayeulizwa tu kama mbwa wanaruhusiwa. Waulize wavuvi wa ndoana pia, kwa sababu wanajua kina kwa hatua. Na wanaofunza mbwa wa kuokota ndege waliowindwa wakaangukia majini, kwa sababu wao hawaendi mahali mara moja tu. Waulize mambo matatu: mbwa hutokea wapi, maji hufanya nini baada ya mvua, na nani hukasirika.

Mara ya kwanza nenda bila mbwa. Chukua fimbo ya mita 2 uliyoitia alama kila sentimita 20. Vaa viatu vya zamani, ingia hatua moja moja, pima, na papasa kwa mguu: vioo, nyaya, visiki, mishipi yenye ndoana. Unataka mbwa wa kimo cha wastani aweze kukanyaga chini mpaka mita 3 hadi 5 kutoka ukingoni. Mahali penye rafu, yaani kina cha kifundo cha mguu kisha ghafla kina cha kiuno, si pa kuanzia. Kabla ya kuondoka tafuta pa kutokea pa pili, na kama ni mto, pa pili pawe chini ya mkondo. Usipopata pa pili, hujapata mahali. Kwenye maji yenye kichocho usiingie hata kidogo: pima ukiwa ukingoni kwa fimbo ndefu zaidi, kwa sababu vimelea hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Na penye mamba au viboko hakuna kipimo wala saa iliyo salama. Futa alama kwenye ramani.

Karibu nasi kuna mto unaopendeza. Nitajuaje kama mkondo unamzidi mbwa nguvu?

Pima mita 10 kando ya mto, tupa kijiti pale hasa mbwa atakapoogelea, hesabu sekunde. Kikipita mita hizo kwa sekunde 10, mkondo unakwenda mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na huo ni mkali. Sisi tunataka sekunde 20 au zaidi. Rudia kipimo katikati ya mto, kwa sababu ukingoni maji hudanganya.

Sababu ya kuwa wakali hivi ni namna mbwa anavyoogelea. Mtu anayejua mto hukata mkondo kwa mshazari. Mbwa humwelekea mtu wake moja kwa moja. Ukisimama juu ya mkondo ukamwita, atapambana na maji uso kwa uso mpaka nguvu zimwishie, na hataacha kwa kuwa wewe ndiye unayemwita. Kwa hiyo simama chini ya mkondo, na rusha kitu juu kidogo ya ulipo. Akikishika, maji yenyewe yatamleta kwako. Badiliko hili dogo ndilo tungependa kila mwenye mbwa alijue kabla ya lolote jingine kuhusu mito.

Usimwogeleshe karibu na kizingiti kinachokatiza mto, juu yake wala chini yake. Maji yanayoanguka pale hujiviringisha na kurudi nyuma. Kinachoangukia humo huzungushwa palepale, hata kikiwa na jaketi la kuelea. Kaa mbali pia na mti ulioangukia mtoni: maji hupita katikati ya matawi, mbwa hapiti. Kama juu ya mto kuna bwawa la umeme, uliza ratiba ya kufungulia maji, kwa sababu mto unaweza kupanda jua likiwa linawaka.

Mvua kubwa ikinyesha, acha mto siku 3. Rangi ya kahawia ni dalili tu. Tatizo ni maji taka yanayofurika, samadi inayooshwa mashambani, na magogo yanayoelea nusu yamezama.

Akichukuliwa na maji, usimrukie. Waokoaji wanalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi mbwa hutoka mwenyewe mbele kidogo, na anayekufa ni aliyemfuata. Kimbia kandokando mpaka pale pa kutokea pa pili, umwite kutoka hapo.

Ziwa tunalolizoea limeota utando wa kijani ukingoni, kama rangi ya nyumba iliyomwagika. Mbwa aingie au asiingie?

Asiingie, asinywe, asilambe hata mawe ya ukingoni. Maelezo yako yanafanana sana na sayanobakteria, wanaoitwa kwa kawaida mwani wa kijani-buluu. Hupenda maji yenye joto, yaliyotulia, yaliyopata mbolea kutoka mashambani au maji taka. Baadhi hutoa sumu ya ini, baadhi sumu ya mishipa ya fahamu, na kwa kutazama tu huwezi kujua walio mbele yako wana ipi.

Kuna vipimo viwili vya kutofautisha na mwani usio na madhara. Vaa glavu. Cha kwanza, chovya kijiti na ukiinue polepole. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele zilizolowa, huo pengine ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kama brashi iliyotoka koponi, shuku. Cha pili, jaza maji kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, robo tatu tu, funga, weka kwenye friji usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi itazame bila kuinyanyua. Kijani kikiwa kimetua chini na maji juu ni meupe, kuna nafuu. Kikiwa kimepanda juu na kufanya duara kwenye kioo, ni sayanobakteria kwa uwezekano mkubwa, kwa kuwa seli zao nyingi zina vifuko vya hewa vinavyozielesha.

Tahadhari: vipimo hivi vinakuonyesha kiumbe, havikuonyeshi sumu. Na maji meupe nayo yanaweza kukudanganya, kwa sababu aina nyingine huota chini kama mkeka mweusi au wa kahawia, hung'oka, hufika ukingoni na kukauka. Harufu yake huwavuta mbwa, nao huutafuna. Mbwa akianza kutafuna kitu kinachofanana na kipande cha zulia kuukuu kando ya maji, mwondoe mara moja.

Upepo nao una kazi yake. Asubuhi utando unaweza kuwa katikati ya ziwa, jioni umesukumwa wote upande mmoja na kuwa mzito mara nyingi zaidi. Ndiyo maana ukingo mmoja waweza kuonekana safi na mwingine una hatari. Ishara ya leo haitoshi kwa kesho.

Kama ameshaingia: mwoshe kwa maji safi mengi, ukiwa na glavu, usimwache ajilambe, na uelekee kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili. Sumu ya mishipa ya fahamu huweza kuonekana ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili: mate kumtoka, misuli kutetemeka, kuyumba, degedege, kupumua kwa shida. Ya ini huchukua saa kadhaa hata siku: kutapika, kuharisha, unyonge, ufizi na macho kugeuka manjano. Hakuna dawa ya kuifuta sumu. Daktari humsaidia mwili wake kuvuka, na dakika zina thamani. Kuchemsha maji hayo hakuondoi sumu. Na utando ukitoweka ghafla usishangilie, kwa sababu seli zinapokufa ndipo humwaga sumu iliyokuwa ndani yake.

Nina bulldog. Je, si kweli kwamba kila mbwa huzaliwa anajua kuogelea?

Si kweli, na kwa bulldog imani hiyo ni ya hatari. Wengi wakiwekwa majini hupiga miguu, lakini kupiga miguu na kuelea ni mambo mawili. Kifua kizito, miguu mifupi na pua fupi humlazimisha bulldog ainue kichwa ili apumue. Kichwa kikipanda, makalio hushuka, na mwili ukisimama wima majini hauendi popote. Pug na mbwa wa miguu mifupi kama dachshund nao waangaliwe kwa karibu. Mbwa wa aina ya Labrador na Newfoundland wana manyoya yenye mafuta na vidole vilivyounganishwa na ngozi pana, kwa hiyo usimlinganishe wako na wa jirani.

Bulldog anaweza kufurahia maji ya kina cha tumbo lake, miguu yote minne chini, na hapo akawa ameridhika kabisa. Ukitaka aende zaidi, avae jaketi la kuelea kila mara. Pima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele na uchague kwa kipimo hicho. Uzito pekee huwapotosha wenye mbwa wanene wa kifua. Mikanda ikikazwa, vidole viwili vipite chini yake. Halafu fanya jaribio moja nchi kavu: mnyanyue kidogo kwa mshikio wa mgongoni. Jaketi likimtoka mabegani au likimkaba koo, hilo silo. Chagua rangi ya machungwa au njano. Nyeusi na buluu hupotea majini.

Kufundisha kuanze kwa kutembea. Ingia naye mpaka maji yamfikie kifua, geuka, toka. Rudia mara tano au sita, ili ajue kwa miguu yake njia ya kutoka iko wapi. Kisha songa mpaka miguu yake iache chini, mkono wako mmoja ukiwa tumboni kwake, na umwelekeze ukingoni, si katikati. Miguu ya mbele ikipasua juu ya maji na kurusha matone, ameogopa na mwili wake umesimama. Inua tumbo hadi mgongo ulale sambamba. Dakika 5 zinatosha siku ya kwanza. Kumtupa majini ili ajifunze ni ukatili, na huharibu kazi ya miezi.

Nilimrushia mpira ziwani kama saa nzima. Alipotoka alikuwa anayumba na kutapika maji. Ni uchovu?

Huo tunauchukulia kama dharura. Mbwa anayeokota mpira mara kwa mara humeza maji kila anapofungua kinywa. Akimeza mengi kwa muda mfupi, chumvi ya sodiamu katika damu hushuka, maji huingia kwenye seli, na ubongo huanza kuvimba. Dalili ni hizo ulizoziona, pamoja na tumbo kujaa, mate, ufizi kupauka, macho kukodoa, kisha degedege na kupoteza fahamu. Yote yanaweza kutokea ndani ya saa chache. Mpeleke kwa daktari hata usiku, mwambie aliogelea muda gani na alikuwa akiokota nini, ili apime sodiamu mapema. Usimlazimishe kunywa.

Ili lisirudie: dakika 10 majini, kisha apumzike nchi kavu kwa muda kama huo, akojoe. Mbwa wadogo wapumzike mapema zaidi, maana mwili mdogo hujaa haraka. Acha mpira wa duara, unaokifanya kinywa kipanuke wazi. Tumia kichezeo bapa kinachoelea, ambacho hukishika huku midomo ikiwa karibu kufungana. Anayependa kuuma maji yanayoruka, au kuzamisha kichwa kufuata mawe, anahitaji uangalizi kuliko anayeogelea kwa utulivu.

Na kama baada ya kuogelea anakohoa, anapumua haraka au hataki chakula, mtazame kwa siku 2 hadi 3 na umpeleke hospitali akizidi. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kuleta nimonia baada ya kila mtu kudhani mambo yameisha.

Baharini je?

Ufukwe wa mchanga ndio wenye pa kutokea pazuri kuliko kote, ila una mambo yake. Fukwe nyingi huwakataza mbwa msimu wa watalii au saa za mchana, na nyakati za ndege na kasa kutaga huwa na makatazo yake. Soma ubao kabla ya kufungua kamba. Angalia saa za maji kujaa na kupwa: nenda maji yakijaa polepole, usimwogeleshe maji yanapotoka kwa nguvu kwenye mlango wa mto au mkondo wa miambani. Sehemu ambapo mawimbi hayavunjiki huku pande zote mbili yanavunjika haimaanishi utulivu. Huo mara nyingi ni mkondo unaovuta kwenda kilindini.

Chukua maji ya kunywa na bakuli, mpe kidogo kabla ya kuingia na kila anapopumzika. Mwenye kiu atakunywa maji ya bahari. Kidogo kitamharisha, kingi hupandisha sodiamu kupita kiasi, kinyume kabisa cha tuliyoeleza juu, na hatari yake ni ile ile ya ubongo. Mkimaliza, msuuze kwa maji yasiyo na chumvi, hasa kwapani na katikati ya vidole.

Kuna kidimbwi katika bustani ya jiji, dakika tano kutoka kwetu. Kwa nini tuhangaike kwenda mbali?

Kwa sababu ya panya, kwanza. Mkojo wa panya ndio huleta leptospirosisi, ambayo wengi wanaijua kama homa ya mgunda, na maji yaliyotuama yenye joto ndiyo yanayoihifadhi. Bakteria hupenya kwenye kidonda, macho au kinywa. Mbwa hupata homa, hutapika, hunywa na kukojoa sana au huacha kukojoa, hugeuka manjano. Figo na ini huumia. Wewe unayemfuta unaweza kuambukizwa pia. Mbwa yeyote anayeogelea nje apate chanjo: dozi mbili za mwanzo zikipishana wiki 2 hadi 4, kisha moja kila mwaka. Chanjo haifuniki aina zote za bakteria hao, ndiyo maana maji yenyewe bado yachaguliwe.

Pili, vidimbwi vya bustani vingi vina kingo za zege na tope la miaka chini yake. Maji yanayoingia na kutoka, hata kwa kijito chembamba, ni bora kuliko maji yaliyofungwa. Kama jiji lenu lina bwawa la kuogelea la nje, liulize. Katika nchi kadhaa mabwawa hayo hufunguliwa kwa mbwa siku ya mwisho ya msimu, kabla ya kumwaga maji. Klorini kwa kipimo cha kawaida haimdhuru mbwa akisuuzwa baadaye; kinachomdhuru ni kutojua ngazi ziko wapi, basi mwonyeshe mara kadhaa kabla ya kumwachia.

Nimempaka dawa ya viroboto ya matone shingoni. Anaweza kuogelea lini?

Soma karatasi ya dawa. Nyingi hutaka siku 2 hadi 4 bila kulowa, vinginevyo dawa huoshwa na viroboto hubaki. Lakini liko la pili. Fiproni na imidaklopridi, zinazotumika katika dawa hizi, ni sumu kali kwa wadudu wa majini hata kwa kiasi kidogo sana. Watafiti waliopima mito 20 ya Uingereza walikuta fiproni karibu katika kila sampuli. Wadudu hao ndio chakula cha samaki na ndege wa mahali mnapopapenda. Kwa mbwa anayeogelea kila wiki, tungependa uzungumze na daktari kuhusu vidonge vya kumeza badala ya matone.

Baada ya kuogelea mkia wa mbwa wangu umening'inia kama kamba, na analia nikiugusa. Amevunjika? Na masikio yake yananuka.

Tukianza na masikio: mbwa wa masikio yanayolala hubaki na unyevu ndani, na bakteria na fangasi hupenda hapo. Kila baada ya kuogelea funua sikio, futa sehemu unayoiona kwa pamba bapa kavu, kisha tumia dawa ya maji ya kusafishia na kukausha masikio ya mbwa: jaza, kanda chini ya sikio sekunde 30, mwache ajitikise, futa. Usiingize vijiti vya pamba, vinasukuma uchafu ndani. Kwa kuwa tayari yananuka, usiweke chochote kabla daktari hajatazama kiwambo cha sikio. Vua pia mkanda wa shingo mpaka manyoya yakauke, maana ngozi iliyolowa chini yake hufanya kidonda kibichi kwa siku moja.

Mkia pengine haujavunjika. Mbwa hutumia mkia kama usukani, na misuli ya mzizi wake huchoka vibaya akiogelea kupita mazoea yake, hasa kwenye maji ya baridi. Kwa kawaida sentimita chache za mwanzo hukaa zimenyooka na sehemu iliyobaki huanguka. Hukaa vibaya, hulala vibaya, hataki kuguswa. Mpumzishe, mkaushe, mlaze mahali pa joto; wengi hupona ndani ya siku chache hadi wiki moja. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya maumivu ya mbwa. Za binadamu kama ibuprofeni usimpe, zinaharibu tumbo na figo zake. Mpeleke haraka kama aligongwa au alibanwa mkia, kama hawezi kujisaidia, au kama miguu ya nyuma nayo imelegea. Akipona, mwanzie dakika 5 siku ya kwanza, uongeze kidogo kidogo kila anaporudi majini.